Koko, Fungua Mdomo

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wazazi, Moroni, nilimsifu mtoto kabla ya kumkagua. Muuguzi mkuu, mwanamke mkali, akanikatiza: "Sifa baadaye. Kaakaa kwanza." Alitufundisha kwamba uso wa mtoto huungwa kutoka pande mbili mimba ikiwa changa. Pande zisipokutana, kaakaa hubaki na mwanya, na maziwa hutokea puani. Tangu hapo kila mtoto niliyempokea nilimtia kidole kinywani, nikimwambia mama yake: kaakaa kwanza.

Nilikuwa nimeshahamishiwa Mutsamudu, kwetu kisiwani Nzwani, kisiwa kilipojitenga na Komoro. Safari za Moroni zikakatika, dawa zikaadimika. Ndipo akazaliwa Zainaba, kaakaa wazi. Daktari wetu mkuu alisema upasuaji uko Moroni tu, na mtoto asiposhiba hataiona siku ya kupasuliwa. Nikaapa ataiona. Kila jioni nilipanda mlima hadi Patsy, kwao, kumfundisha mama yake, Faida, kumkalisha wima na kumnywesha kwa kijiko, polepole.

Siku moja nikamkuta mama mkwe wake. Kwetu nyumba ni ya mke, mume ndiye huhamia. Koko huyo, yaani bibi yake Zainaba, alikuja kumwondoa mwanawe, mumewe Faida. Alisema ukoo wa Faida una tumbo baya. Mume alikwishafunga mizigo. Niliwaka. Angeondoka yeye, nani angehangaikia maziwa, maduka yakiwa matupu vile?

Nikawaeleza kuwa mtoto hurithi kwa baba na kwa mama, na kasoro huweza kujificha vizazi na vizazi. Koko akabisha kwamba kwao haipo. Lakini sauti yake ilipita puani, nami nilikuwa nikiisikiliza tangu nilipoingia.

"Koko, fungua mdomo."

Nilimulika tochi, mwanawe akachungulia. Kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kilikuwa na ncha mbili. Nikasema huenda hiyo ni alama ndogo ya mwanya uleule; haithibitishi kila kitu, ila hatuna haki ya kumlaumu Faida peke yake.

Koko akamgeukia Faida.

"Kumbe na mimi nimo," akasema. "Nipe hicho kijiko."

Mizigo ikafunguliwa. Njia ilipofunguka, koko ndiye aliyempeleka Zainaba Moroni, akarudi naye kaakaa limeshonwa.

Sasa nimestaafu, na vidole vimekuwa vizito. Majuzi Zainaba aliniita nyumbani kwake nimwone mwanawe mchanga. Nikampakata, nikaanza mashaallah zangu.

"Bweni," akaniita kwa heshima, "kaakaa kwanza."

Nikatia kidole. Lilikuwa zima. Ndipo nikasifu, na nikalia.