Kikwembe cha Hewa Safi

Mpaka leo nikisikia neno "uhamasishaji", damu inanichemka. Nimewahi kutumika katika kazi hiyo, kama mkalimani, na miongoni mwa watu niliowatafsiria alikuwemo mama yangu mzazi.

Mama anauza maharage yaliyopikwa hapa Bunia, kwenye kona wanaposimama watu wa pikipiki. Zamani alikuwa mkulima huko Bule. Vita vilipomfukuza alikuja na sufuria na watoto wake, na tangu hapo yuko mbele ya babula, jiko la mkaa tunaouita makala, kuanzia alfajiri hadi wateja waishe. Maharage hayana huruma, yanataka moto mrefu. Kifua chake kimeharibika. Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia wazi kwamba asipoachana na moshi, moshi utamuua.

"Nikiacha moshi, tutakula nini?" mama alimuuliza. Muuguzi alimwandikia dawa ya kikohozi.

Basi, kanisani lilipotolewa tangazo kwamba kuna mradi kutoka Kinshasa unaokuja na majiko yasiyo na moshi, mama alisikia neno "majiko" tu. Mengine, mabadiliko ya tabianchi, nishati safi, yalimpita kama matangazo ya ndoa ya watu asiowajua. Siku ya mkutano hakupika. Asiyemjua mama hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Alioga, akafunga kitambaa chake kizuri kichwani, akawahi ukumbini na kukaa mstari wa mbele.

Mimi nafundisha Kifaransa sekondari, ndiyo maana waliniita nitafsiri. Mlangoni kila mama alipewa kikwembe, kitenge cha kujifunga. Kwetu sherehe bila kikwembe cha sare si sherehe. Tunachapisha kwa sikukuu ya wanawake, kwa upadrisho, kwa ndoa, hata kwa matanga ya mtu mkubwa. Watu wa mradi walikuwa wamejifunza jambo hilo moja kuhusu sisi, na la pili hawakujisumbua kulitafuta. Kikwembe kilikuwa cha kijani, chenye majua makubwa ya njano, na kwenye pindo kimeandikwa HEWA SAFI KWA WOTE. Akina mama walijifunga palepale, wakapiga vigelegele.

Jenereta ya kipaza sauti waliiweka chini ya dirisha, ikawa inatutapikia ndani moshi wa mazutu, yaani dizeli. Uani magari yao yalinguruma bila kwenda popote, ili madereva wapate ubaridi. Mtoa mada, bwana mmoja nadhifu mwenye sauti ya mahubiri, alisema kwa Kifaransa, nami nikasema kwa Kiswahili, kwamba msitu wa Ituri unakwisha kwa sababu ya babula za akina mama. Kwamba kila mama anapowasha makala, anafukuza mvua. Akiwa katikati ya maneno hayo, lori la magogo likapita barabarani, madirisha yakatetemeka. Alisubiri lipite, kisha akaendelea kuwasema akina mama. Nilitaka kumuuliza mwenye lori lile anahamasishwa lini, na katika ukumbi gani.

Ndipo wakaleta jiko. Lilikuwa la bati, lina feni ndogo inayozungushwa na paneli ya jua, na kwa vijiti vichache tu maji yalichemka mbele ya macho yetu. Moshi haukuonekana. Mama alisimama kabisa ili alione vizuri. Sijawahi kumwona akitazama kitu namna ile, hata sisi watoto wake.

Walipouliza nani ana swali, aliinua mkono kwanza.

"Miye nilikimbia kutoka Bule," alisema. "Mvua ilibadirika zamani, ile tunajua, njo siye tulikuwa tunalima. Minapanda, jua inachoma. Minapanda tena, mvua inabeba. Ile usinifundishe. Niambie tu: hii jiko, nitaipata namna gani?"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Bwana yule alicheka kwa upole, akanieleza kwa Kifaransa, nami nikamgeukia mama yangu na kumwambia kwamba majiko yaliyopo ni ya kuonyesha tu. Awamu hii ilikuwa ya kuhamasisha, akina mama wabadili mawazo kwanza.

Wabadili mawazo! Yeye aliyeacha sufuria yake siku nzima!

Kwa kuwa alikuwa amesema vizuri, wakamchagua kwa picha. Wakampa jiko alishike kifuani, likiwa bado na uvuguvugu. Mpiga picha akamwambia acheke, akacheka, akacheka kweli. Kisha bwana yule akanyoosha mikono alichukue. Mama hakuliachia. Alibaki amelikumbatia, anamtazama, na yule bwana akavuta kidogo, naye akashikilia kidogo. Bwana akaniambia nimweleze mama kwamba ni mali ya mradi. Hilo halikuhitaji mkalimani. Mama alikuwa ameshaelewa, na vidole vyake vikalegea.

Alipofika nyumbani aliwasha babula.

Kikwembe alikivaa Jumapili kadhaa, nadhani akitumaini kwamba waliovaa hivyo watakumbukwa. Hakukumbukwa mtu. Asubuhi moja nikamkuta amekichana. Kipande chenye pindo alikuwa amekifunga puani na mdomoni, anapepea makala, macho yanamtoka machozi, na maneno ya HEWA SAFI yamepita juu ya midomo yake. Nilipiga kelele, nikawatukana watu wa mradi kwa lugha zote ninazozijua.

"Unakasirika nini?" alisema, akikohoa ndani ya kitambaa. "Iko kikwembe ya nguvu. Inazuia moshi kidogo."

Simu yangu ikalia siku ileile, tukiwa bado pale motoni. Alikuwa yule bwana wa mradi. Alifurahi sana kunipata. Awamu ya pili inakuja, alisema, uhamasishaji katika mitaa mingine, na wangependa kuanza na ushuhuda wa yule mama wa kwenye picha, maana wakubwa wake wameipenda mno. Nikamuuliza kama safari hii majiko yapo. Akasema hilo litafikiriwa katika awamu inayofuata.

"Lakini mwambie avae kikwembe chake," aliongeza. "Ni muhimu kwa picha."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameinama, anapuliza makala.

"Amekivaa," nilimwambia. "Njoo na kamera yako sasa hivi, kabla maharage hayajaiva."