Shina Lisiloguswa la Bibi Kinue

Ubishi wake ndio ulitaka kutuponza, nasema wazi. Bibi Kinue, jirani yangu, alikuwa na shina moja la urui nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mierezi, majani mapana kama ungo. Marehemu mumewe alilishusha mlimani mwaka waliooana. Huku Yamagata, Japani, machipukizi ya urui ni mboga. Tunayachemsha kidogo, tunayala na miso, rojo la soya. Lakini shina lile halikuguswa na kisu miaka hamsini na miwili.

"Mume wangu haliwi," alisema, akicheka.

Basi kila theluji ikiyeyuka alipanda mlimani kuchuma mwingine, akazigawia nyumba zetu tano. Hakuna aliyeonja urui kabla ya fungu lake kufika. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake, hata alipofika miaka themanini na miwili, macho yameingia ukungu.

"Bibi, kwa macho hayo? Tununue dukani tu."

"We Sadae, wa dukani kale mwenyewe! Urui naujua hata nikisinzia."

Mwaka juzi akaniletea fungu. Nilipokunjua jani sikuona mshipa wa katikati. Mishipa yote imelala sambamba, chini hadi nchani. Mama yangu! Urui una mshipa mnene katikati, mingine inatokea humo. Hili lilikuwa jani la sumu linaloota mlimani kando ya urui, na hata ulichemshe vipi, sumu haitoki.

Nilikimbia na kandambili, nyumba hadi nyumba. Kwa mzee Yasuji nilikuta ameshashika vijiti. Nikampokonya bakuli.

"Umerukwa na akili?"

"Sumu hiyo, mzee!"

Kisha nikaenda kwa Kinue, hasira zimenipanda. "Ungetuua wote!"

Alilishika jani nililompelekea, akapitisha kidole gumba katikati, akarudia, akarudia tena. Nikajuta kupayuka.

Asubuhi kila mlango ulikuwa na fungu lililofungwa gazetini. Nikapapasa: mshipa upo, mnene. Nikazunguka nyuma ya nyumba yake. Chini ya mierezi vilibaki visiki vyeupe tu, usawa wa udongo, na Kinue amechuchumaa hapo, kisu mkononi.

"Kaleni bila wasiwasi," alisema. "Huyu namjua."