Jembe la Kipimo cha Mama Fundi

"Mama Fundi ndiyo basi tena," jirani wa mlango wa pili aliniambia tukianika nguo. "Yuko duka la vifaa vya ujenzi, amekaa kwenye stuli, anapima majembe kwa utepe. Nimemwona kwa macho yangu haya! Kule kuanguka kumbe kulimfika mpaka kichwani."

Nilibana nepi ya mwisho, nikambeba mwanangu mgongoni, nikaenda.

Mama Fundi ndiye aliyenishonea sare ya darasa la kwanza, na juzi tu amemshonea mwanangu kofia ya vitambaa vilivyobaki. Mwaka jana aliteleza barazani akavunjika nyonga. Sasa anatembelea fremu ya chuma, kuinama hawezi, na kidole gumba cha kulia, kilichochoshwa na mkasi, hakikazi vizuri. Lakini uani kwake kuna tuta moja la bamia na nyanya, na akiamka kitu cha kwanza ni kwenda kulitazama, hata uso hajanawa.

Mwanawe, fundi ujenzi, anataka kuusakafia ua wote. Si ubaya, anamwogopea mama yake. Simenti ameshaileta, mifuko mitatu, iko mlangoni. "Ukianguka tena je, mama? Mboga nitakuletea." Wakabishana wee, mwisho wakapatana. Jumamosi, mama akiweza kulipalilia tuta lake mwanzo mpaka mwisho bila kushikwa na mtu, simenti inaondoka. Akishindwa, inamwagwa.

Dukani nilimkuta kweli, utepe shingoni.

"Umekuja kumwona mwendawazimu?" akaniuliza. "Karibu, mwanangu. Shika hapa, kwenye bega. Nyoosha mpaka chini."

Nikapima. Jembe alilonunua wiki iliyopita lilikuwa limeegemezwa ukutani. Lilikuwa jepesi na zuri, na lilimshinda siku ileile.

"Unajua nilikosea wapi? Mpini niliupima nimesimama. Na mimi siku hizi nalima nimekaa." Akacheka, kisha akautazama ule utepe kidogo. "Miaka yote hii ya kushona, nikaenda kumkatia nguo yule mwanamke wa zamani. Mteja aliyekuja ni mwingine."

Mwenye duka alikuwa amechoka naye. "Mama, hilo ni jembe, si gauni!"

"Gauni likinibana navua, baba. Jembe likinibana naanguka. Hebu lete lile la kule."

Wateja wakaangua kicheko, naye mwenye duka akajikuta anacheka, akalileta. Alikataa manne. Moja lilikuwa zito mbele, "linanivuta kama mbuzi aliyeona majani." Jingine mpini wake mwembamba, kidole gumba hakikuupata. Mwisho akachagua kijembe kidogo cha kupalilia, bapa lake halizidi kiganja, akaomba kitolewe mpini wake mfupi kitiwe mrefu wa reki. Mwenye duka akanung'unika, lakini akaukata pale pale nilipomwonyesha kwenye utepe, akapigilia. Mama Fundi akakivuta mara tatu juu ya sakafu, akiwa palepale kwenye stuli. Mgongo wake haukuinama hata kidogo.

"Hiki kimenikaa," akasema.

Nikamsindikiza nyumbani. Alikaa mlangoni akauzungushia mpini vipande vya kaki, tabaka juu ya tabaka, ukanenepa pale kidole gumba kinapokaa. Akashona ukingo kwa mkono, kama pindo. Mwanangu alitambaa mpaka kwenye fremu yake, akashika chuma, akajisimamisha. Miguu ikamtetemeka. Nikanyoosha mikono nimdake.

"Mwache," Mama Fundi akasema.

Mtoto akakaa chini pwaa, akatutazama kama anauliza nani amemsukuma, halafu akashika tena, akasimama. Mama Fundi akakata uzi kwa meno.

"Jumamosi naomba uje, mwanangu. Ukae hapa mlangoni, juu ya simenti hiyohiyo. Ukiniona nayumba, usinyanyuke."

"Na kaka je? Yeye atakaa kimya kweli?"

Akamwangalia mwanangu, ambaye sasa alikuwa anatafuna chuma cha fremu.

"Ndiyo maana nataka uje na huyu. Ukiona kaka yako anataka kunikimbilia, mpe mtoto ampakate."