Nilimsahihisha mkwe Kiingereza, nikakosa mke

Kosa ni langu. Sitaki mtu anitetee, na hata mkinitukana sidhani nitahisi kitu. Miaka minne sasa nimekaa tu kama gogo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, Kitale. Mwaka ule elimu ya bure ilipoanza, darasa langu lilijaa watoto mpaka dirishani, na kutwa nzima kazi yangu ilikuwa kusahihisha. Mtu akikosea, mdomo wangu unafunguka wenyewe. Nilijiona mjuzi kweli!

Mchumba wangu, Nekesa, alikuwa wa Bungoma. Babake alikuwa karani mstaafu wa ghala la tumbaku kule Malakisi, na alikipenda Kiingereza kuliko chai.

Siku ya mazungumzo ya mahari nilienda na baba mdogo, ndiye msemaji wetu. Njiani alinikumbusha desturi: anayeoa hukaa kwenye kona, macho chini, kimya. Wakubwa ndio huongea.

"Hata siafu wakikuuma, nyamaza," aliniambia.

Mambo yalienda vizuri ajabu. Ng'ombe walikubaliwa mapema. Harufu ya kuku ilikuwa inatoka jikoni, na kwetu kuku ndiye heshima ya mgeni. Mzee akafurahi, akasimama, akanionyesha kwa fimbo na kuwaambia ndugu zake kwa Kiingereza: "His parents have learned this boy very well!"

Alikuwa ananisifu, jamani! Anasema wazazi wangu wamenifunza vizuri!

Nikafungua mdomo.

"Si hivyo, mzee. Anayepokea masomo ndiye tunasema 'learn'. Anayeyatoa ni 'teach'. Kwa hivyo wazazi 'have taught'."

Nikaongeza mifano miwili. Mifano! Baba mdogo alinikanyaga mguu, nami nikaendelea mpaka nikamaliza mfano wa pili.

Mzee aliketi polepole, akailaza fimbo sakafuni.

"Basi ni mimi nimekosea," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Nilisema huyu kijana amefunzwa. Kumbe hakufunzwa. Waleteeni wageni chai waende mapema, ati barabara ni mbaya."

Tulikunywa chai. Kuku hakutoka jikoni.

Nekesa alinisindikiza mpaka langoni. Hakulia.

"Si ungenyamaza tu, mwalimu?" aliniuliza. "Siku moja tu, bana."

Nikamfuata baba mdogo barabarani.

Baba mdogo alirudi mara mbili kuniombea msamaha. Mara ya pili alikuta lango limefungwa. Mwaka uliofuata Nekesa aliolewa kule Kapsokwony. Habari ilinikuta nikila. Nilimaliza chakula, nikaosha sahani, nikasahihisha madaftari.

Bado nafundisha. Kila mwaka tukifika ukurasa ule, naandika yale maneno mawili ubaoni, watoto wanayarudia kwa sauti, na hakuna anayekosea. Mimi nasimama tu na chaki mkononi, sihisi baridi wala joto. Nampenda Nekesa hadi leo, na hilo nalo nalisema hivi hivi tu, kama mtu anayetaja bei ya mahindi.

Vijana mnaopeleka posa, nisikieni. Mkisifiwa kwa Kiingereza kibovu, inamisheni kichwa mseme asante.