Jino la Ngalula

Enzi zetu, mzazi wa Kolwezi hakuwa na simu ya kumpiga mtoto picha kila anapopiga chafya. Makuzi ya mtoto tuliyaweka kichwani, na jirani alitusahihisha tulipokosea. Ngalula wangu alichelewa kutembea, lakini kusema alianza mapema, na neno lake la kwanza halikuwa mama wala tata, yaani baba. Lilikuwa "yangu". Kikombe, yangu. Kuku wa watu, yangu. Hata jirani yetu Mama Numbi, ambaye ukoo wake ulitoka kaskazini ya Katanga, alitangazwa kuwa mali ya Ngalula. Alikubali kwa kicheko, akawa anambeba mgongoni wakati mimi nasonga bukari, ugali wetu.

Alikuwa na kichwa kigumu, huyo mtoto. Akikosea, ukimwambia aombe msamaha, alikaa mlangoni kimya, mikono kifuani, mpaka baba yake arudi kutoka ofisi ya mgodini alikokuwa karani. Hapo alimwendea na kumvua viatu bila kuambiwa, na huo ndio ulikuwa msamaha wake. Nilijifanya kununa, lakini nilimpenda mpaka naona haya.

Kisha mambo yakaharibika. Mgodi ulibomoka, mishahara ikawa hadithi, na mfuko wa unga tuliozoea kupewa kazini ukakoma. Watu wenye njaa wakatafuta mwenye kosa, wakatuona sisi. Babu zetu waliletwa Katanga kutoka Kasai kuchimba shaba. Mimi mwenyewe nilizaliwa Kolwezi, na Kasai sikuwahi kuiona hata kwa ndoto. Hilo halikutusaidia. Tuliitwa bilulu, yaani wadudu, tukaambiwa turudi kwetu. Siku hizo jino la mbele la Ngalula lilikuwa limeanza kucheza, naye alikuwa akilisukuma kwa ulimi mchana kutwa. Akaniuliza, "Mama, bilulu biko na meno?" Nilicheka huku machozi yakinitoka, nikamwambia anyamaze ale.

Tulipotolewa nyumbani tulikimbilia stesheni na vyombo tulivyoweza kubeba, tukangoja treni katikati ya umati uliolala chini ya maturubai. Hapo ndipo jino lilipong'oka, asubuhi moja, ndani ya kipande cha muhogo wa kuchoma. Kwetu kila mtoto anajua kwamba jino la utoto hutupwa juu ya nyumba yenu, la sivyo jipya halioni njia ya kuja. Wamama wa pale wakamhimiza alitupe juu ya stesheni, paa ni paa. Ngalula akakunja ngumi.

"Ile haiko nyumba yetu."

Baba yake alimbembeleza. Mimi nilimtishia kwamba atabaki kibogoyo mpaka siku ya ndoa yake. Wapi! Alilala na jino mkononi, akala kwa mkono mmoja. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni niliogopa. Niliona kwamba mwanangu akikosa pa kulitupa jino lake, basi wanaotufukuza wamesema kweli, na sisi hatuna kwetu popote.

Mama Numbi ndiye aliyetuletea chakula, bukari na sombe, majani ya muhogo, ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa. Njiani alitukanwa kwamba analisha wadudu. Ngalula alipomwona tu, ngumi ikafunguka yenyewe, akamwekea jino kiganjani.

"Mama Numbi, utupe yulu ya nyumba yetu."

Mama Numbi alilifunga kwenye pindo la kitenge chake. Kisha akanishika shingo, tukalia wote wawili. Siku chache baadaye treni ikaja.

Huko Kasai walikicheka Kiswahili chetu. Baba Ngalula alifia hukohuko, na roho yake ikiwa Kolwezi. Jino jipya lilichomoza, kubwa, limepinda kidogo, na Ngalula akalionyesha kwa kila mtu kama ushahidi kwamba Mama Numbi ametimiza.

Tuliporudi, Ngalula alikuwa msichana mkubwa. Nyumba yetu ilikuwa imekwisha kuliwa na shimo la mgodi mpya, na nusu ya mtaa pamoja nayo. Mama Numbi bado alikuwa kwake. Kabla hata ya kuketi, Ngalula alimwuliza habari za jino.

"Mu nyumba yenu mulishaingia batu bengine," Mama Numbi akasema polepole. "Sikuweza kubaachia jino ya mutoto yangu. Nilitupa yulu ya yangu."

Siku hizi Ngalula naye ni mama, na binti yake ni mkaidi vilevile. Nacheka nikimwona akilipwa. Juzi mjukuu alipong'oka jino, kitu cha kwanza kilichotafutwa ni simu. Kabla ya mchana hata ndugu wa Ubelgiji walikuwa wameliona pengo. Nikasema basi, vijana wa leo, jino litaishia kwenye kioo cha simu. Lakini Ngalula alitupakia sote kwenye gari, akatupeleka kwa Mama Numbi.

Mama Numbi haoni vizuri tena. Alimshika mtoto mabegani, akamgeuza kuelekea mabati yake yaliyopiga kutu.

"Tupa, mutoto yangu. Ya mama yako iko pale."

Mtoto akatupa. Tulisikia bati likilia, tukangoja, na jino halikuteremka.