Mkanda wa Adero

Adero hakuwa mtu wa kuchokozwa. Kule Dunga, alikokwenda kila asubuhi kununua samaki, dalali mmoja aliwahi kumfichia ngege watatu chini ya kikapu. Adero akamchapa na wa nne, shavu hili na shavu lile, mpaka magamba yakambaki dalali usoni. Na mwili alikuwa nao, usiseme! Akipita soko la Ahero watu walijibana kando wenyewe, maana akikugonga na nyonga ulijikuta umeketi ndani ya karai la dagaa wa omena. Sauti ndiyo usiulize. Akiita wateja, hata mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara kuu aligeuka akajipapasa mifuko.

Mume wake, Oluoch, dereva wa lori la mchele, alimpenda vile vile alivyokuwa, miaka mingi tu. Halafu akaacha. Siku moja alirudi kutoka Bungoma na msichana mwembamba anaitwa Nasambu, akamjengea nyumba upande wa kushoto wa boma, panapojengewa mke wa pili. Adero hakuulizwa. Alichukua mchi, akavuka uwanja, akavunja vyungu vya bibi mdogo kimoja baada ya kingine. Nasambu naye, usimwone mwembamba vile, akamrukia akamng'ata bega. Walipigana kwenye matope ya mafuriko mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Adero alishinda, bila shaka. Alimkalia tu.

Lakini Oluoch alikuja akamwinua Nasambu, akampangusa matope usoni kwa shati lake mwenyewe, kisha akamwambia Adero mbele ya majirani, "Wewe na hizo kilo zako, siku moja utaua mtu." Watu wakacheka. Adero, aliyezoea kurudisha kofi kabla halijafika, aliokota mchi wake akaingia ndani. Maneno yale yalimwingia yakamkaa.

Binti yake Maryanne, muuguzi huko Qatar, ndiye aliyemtafutia daktari Nairobi akagharamia kila kitu. Adero alifanyiwa upasuaji. Mkanda wa mpira ulizungushwa sehemu ya juu ya tumbo la chakula ukakazwa, ili matonge mawili yakishuka mtu ajione ameshiba. Chini ya ngozi, kando ya kitovu, akawekewa kitufe kigumu. Hapo ndipo daktari anapodunga sindano, akaongeza maji mkanda ubane, au akayatoa mkanda ulegee. Akaambiwa arudi kukaguliwa mara kwa mara. Adero akasema ndiyo, daktari. Hakurudi hata mara moja.

Angerudije? Nyumbani aliaga kwamba anakwenda mlimani kufunga na kuomba. Mwili ulipoanza kuisha alisimama kanisani akapaza sauti, "Mungu ameniyeyusha!" Mchungaji Laban akaruka juu, ngoma zikalia, na wiki ile ile akina mama kadhaa wakaanza kufunga, mmoja akazirai kisimani. Sasa mtu aliyeyeyushwa na Mungu atasemaje kwamba anakwenda kwa daktari kulegezwa mkanda? Na isitoshe, Oluoch alikuwa ameanza kuingia tena nyumba kubwa, akiketi, akimtazama. Adero alikuwa radhi kufa kuliko kupoteza kutazamwa kule.

Na kufa kulianza kumjia kweli. Kwanza kilikuwa kiungulia tu, akakituliza kwa maziwa. Kisha tindikali ya tumbo ikakosa adabu kabisa. Ilipanda ikamchoma kifua, ikamchubua umio, na akilala chali ilimfika kooni, akaamka anakabwa na kitu kisicho na mikono. Ugali ulisimama juu ya mkanda, ukakataa kushuka, ukarudi ulikotoka na uchungu wake. Alijifunza kulala ameketi. Alijifunza kutapika kimyakimya nyuma ya choo akijifanya anamwaga maji machafu. Ile sauti ya kugeuza watu barabarani iliungua, ukabaki mkwaruzo, na pale Dunga madalali wakaanza kumjibu bila woga.

"Mama, huo mkanda umebana, au umeteleza," Maryanne alimlilia kwenye simu. "Utakuchimba vidonda. Rudi kwa daktari, tafadhali!"

"Nitarudi," alisema Adero, na kukata simu.

Watu wana macho, na wana midomo. Mwanamke anakonda kupita kiasi, anatapika, sauti imemtoka, na ng'ambo ya uwanja kuna mke mwenza, tena nyar mwa, binti wa watu wa mbali ambao hakuna ajuaye dawa zao. Wakaja kumnong'oneza, "Adero, yawa, huyo amekulisha kitu." Angeweza kusema hapana. Neno moja, basi. Badala yake aliinua macho juu akasema, "Mungu anajua." Alilisema kwa jirani, akalisema kanisani, na akaharibu kabisa pale alipolisema mbele ya mwanawe Frankline.

Frankline alikuwa bodaboda wa stendi ya Ahero. Hasira hakufundishwa na mtu, alizinyonya. Alimpenda mama yake kupita kiasi, mpaka wenzake stendi walijua kwamba ukimtania Frankline, taja chochote, mama yake muache.

Basi Mchungaji Laban, akitaka kuzima maneno, akaamua kwamba Jumapili baada ya ibada Nasambu apike nyumbani kwake na Adero ale humo humo, mbele ya mashahidi. Ukikataa chakula cha mke mwenza mbele za watu, umemwita mchawi bila kufungua kinywa. Ukikila, yameisha. Nasambu alichinja jogoo, akamchemsha kwa mtindo wa kwao, akasonga ugali wa wimbi, mweusi, mgumu, wa kusimama wima kwenye sahani.

"Karibu, Mama Frankline," alisema, akimnawisha mikono kwa birika huku amepiga goti. "Hiki nimekipika kwa moyo."

Adero alikuwa amepanga kuchovyachovya mchuzi tu. Lakini mchungaji alikuwa akimtazama, majirani wakimtazama, Frankline amesimama mlangoni na helmeti kwapani. Tena Nasambu alitabasamu, na tabasamu lile lilimkera Adero. Ati nimwogope huyu? Akakata tonge kubwa, akameza. Likapita kwa shida. La pili likasimama. La tatu akalisukuma kwa hasira juu ya la pili, na kifua kikafunga.

"Ongeza nyama, dada," alisema Nasambu kwa furaha, akimwekea paja.

Mate ya Adero hayakuwa yakishuka. Alishika meza, macho yakamtoka, na tumbo likajikunja kwa nguvu hata akaanguka magoti. Ulitoka kwanza ugali. Ukatoka mchuzi. Halafu ikaja damu, nyingi, nyekundu, juu ya kitambaa cheupe ambacho Nasambu alikifuma kwa mikono yake.

"Uwi! Amemuua!" alipiga kelele mwanamke mmoja.

Frankline alipindua meza. "Umempa mama nini?"

"Sijampa kitu! Hata mimi nimekula sufuria hiyo hiyo!"

"Basi kula tena!" Akamkamata kisogo, akaokota ugali sakafuni akamsukumia kinywani, na Nasambu akawa anakohoa, anapaliwa, anaupiga mkono ule bila nguvu. Mchungaji Laban aliinua Biblia aseme jambo, mtu akamsukuma ukutani, naye akakumbuka kwamba ana ibada mahali pengine. Mbinja zilipigwa. Punde si punde pikipiki za stendi zikamiminika bomani zikinguruma, vijana wakiruka chini na mawe mikononi kabla hawajauliza kuna nini.

"Janawi!" walipiga kelele. "Mchawi! Mtoe nje!"

Walimburura Nasambu kwa nywele mpaka uwanjani. Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni, la pili kwenye kiwiko. Alipojaribu kuinuka, Frankline alimtwanga na helmeti shavuni, na kila aliyekuwa pale alisikia taya likivunjika. Nasambu alibaki akishika uso wake kwa mikono miwili kama anauzuia usianguke. Owiti, rafiki wa Frankline, alikwisha kuchomoa mpira wa petroli chini ya tangi na alikuwa akijaza chupa.

Adero alikuwa bado sakafuni ndani ya nyumba. Na hapa tuseme ukweli, tusimpake mafuta: wazo lilimjia. Lala tu hapo. Kaa kimya. Muda kidogo, na boma litabaki na mke mmoja, na siri itabaki siri, na kanisani utabaki yule yule aliyeyeyushwa na Mungu. Hakuna atakayekulaumu, wewe si ndiye unayetapika damu? Alilisikiliza wazo lile. Alilisikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyokuja kumwambia mtu yeyote.

Kisha akasikia sauti ya mwanawe ikisema, "Nani ana kiberiti?"

Aliinuka. Alitambaa, akashika mlango, akatoka. Alifungua kinywa aite kwa ile sauti ya sokoni, ukatoka mkwaruzo tu, na hakuna aliyegeuka. Akajitupa juu ya Nasambu, petroli ikamlowesha gauni. Frankline aliinama akamwinua mama yake kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Akamweka kando taratibu. "Mama, kaa hapa, utachomeka," alimwambia, kwa upole kabisa, kiberiti kikiwa katika mkono wa pili. Enzi zake Adero angewakalia wote, petroli na chupa yao. Sasa hakuwa na uzito wa kumzuia mtu yeyote, na uzito ule aliutupa mwenyewe.

Kwa hiyo alifanya lililobaki. Alishika pindo la gauni la kanisani akalipandisha mpaka kifuani.

Kelele zilikatika. Mama mzazi akimvulia mwanawe nguo, hiyo ni laana, na hakuna kijana pale aliyekuwa hajui. Waligeuza nyuso. Wengine walirudi nyuma mpaka wakagongana na pikipiki zao. Owiti aliangusha chupa. Frankline alifunika macho kwa kiwiko, akilia, "Mama, usinilaani! Funika! Nakuomba!"

"Silaani," alikwaruza Adero. "Lete mkono."

"Mama..."

"Lete mkono, nimesema!" Akaukamata, akaubandika kando ya kitovu, akavikandamiza vidole vyake juu ya kovu. "Unasikia kitu kigumu? Hicho ni kitufe cha daktari. Tumbo langu limefungwa mkanda ndani, Nairobi, kwa kutaka kwangu. Ndio unaonikaba. Ndio ulionichimba vidonda. Mlimani sikwenda. Kufunga sikufunga. Huyu amenipa ugali, basi."

Frankline alipagusa tena kwa vidole vyake, polepole, kama mtoto. "Lakini wewe ulisema... nilikuuliza kama ni huyu, ukasema Mungu anajua."

"Mungu alijua," alisema Adero. "Na mimi nilijua."

Alimtazama mwanawe akimtazama Nasambu chini, damu, jino kwenye vumbi, helmeti. Aliona sawasawa wakati ule alipoelewa alichofanya. Adero amepigwa mara nyingi maishani mwake, na hakuna pigo lililolifikia lile.

Vijana walitawanyika bila kuagana. Jirani mmoja aliwapakia wake wenza wote wawili nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya mchele, mpaka hospitali Kisumu. Daktari alidunga kitufe sindano akavuta maji, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi Adero alimeza mate yakashuka. Alilia kwa raha, kisha akaona haya kulia kwa raha, maana nyuma ya pazia la jirani walikuwa wakimfunga Nasambu taya kwa nyaya. Mkanda wenyewe ulitolewa baadaye. Umio ulikuwa na vidonda tupu, na dawa za kutuliza tindikali bado anameza mpaka leo.

Polisi walipouliza nani alipiga, majirani wote walikuwa wametazama pembeni. Adero alimtaja mwanawe. Frankline yuko rumande, na mama yake humpelekea chakula bila kumwomba Nasambu amsamehe mwanawe. Oluoch aliporudi safari alisimama katikati ya uwanja, akatazama nyumba kubwa, akatazama ya kushoto, na hakuna mlango uliofunguliwa.

Mwili wa Adero unarudi. Kanisani wanamtazama ukirudi, na yeye anawaacha watazame. Kila asubuhi, kabla ya kwenda Dunga, anapika uji mwepesi wa wimbi, anauchuja, anavuka uwanja na kikombe na mrija, maana Nasambu hawezi kutafuna. Nasambu humngoja ameketi kwenye kigoda mlangoni. Haupokei. Husema kupitia meno yaliyofungwa, kila siku neno lile lile:

"Onja kwanza."

Adero huinua kikombe, huonja, humeza, hufungua kinywa aonekane. Kisha huketi chini pale mlangoni, na wote wawili hungoja, Nasambu akimkazia macho, mpaka uji unaanza kupoa.