Rudisha gia, shemeji

Leo nimelia kwenye usukani, jamani.

Tunaoendesha malori yetu wenyewe tunajua. Dizeli juu, tozo juu, na kurudi tupu ni hasara. Nilipopata mzigo wa kutoka Geita kwenda Ushetu nikafurahi.

Kumbe ni vyombo vya Mama Neema, mjane wa Masanja, dereva mwenzangu aliyekufa kwa ajali. Anarudi kwao.

Akakaa mbele na mimi. Tukapiga stori za watoto.

Tukafika kwenye mteremko mrefu. Mkono ukaenda wenyewe. Nikatoa gia ili gari liserereke bure, dizeli isiungue. Si ndivyo tunavyofanya wote?

Mama Neema akang'ang'ania kiti.

"Rudisha gia, shemeji. Mwenzio alitoa gia hapa hapa, breki zikamkataa."

Nikarudisha. Tukashuka polepole, tukaendelea mpaka Ushetu.

Tukishusha mzigo nikabeba ndoo mbili za rangi, hazijafunguliwa.

"Hizo ziweke taratibu," akasema. "Masanja alizinunua kwa pesa ya dizeli aliyokuwa anaokoa mlimani. Nyumba hakuwahi kuipaka."

Wenzangu mnaotoa gia mlimani, mnamwokolea nani?